Raketi Zetu Zilitoka Jikoni kwa Bibi

Jumamosi iliyopita nilikwenda mjini na binti yangu kumnunulia raketi ya tenisi, maana ile ya kuazima shuleni imechoka. Kijana wa duka la vifaa vya michezo akaniamkia, akapanga raketi mezani, kisha akauliza, "Dogo anachezaje, mama? Ni wa kupiga kwa nguvu, au ni wa kurudisha tu mpaka mwenzake akosee?"

Nikaangua kicheko. Binti yangu akaona aibu, lakini ningefanyaje? Swali hilo nilishajibiwa zamani, mtaani Kaloleni, Arusha, na aliyenijibia hakuwahi kushika raketi maishani mwake.

Niliishi na bibi mzaa mama katika nyumba ya vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua mmoja wa saruji. Bibi alihama Kilimanjaro na miko yake yote ya kupikia, akaitundika ukutani jikoni kwa misumari, mkubwa mwanzo, mdogo mwisho. Mkubwa ulikuwa wa kiburu, zile ndizi zinazopikwa na maharage halafu zikapondwa mpaka bega liume. Kwetu mponda kiburu ni mtu aliyekwisha kukua, na mwiko wake haushikwi ovyo. Mdogo ulikuwa wa uji, mwepesi, umeliwa upande mmoja kwa kukwangua sufuria.

Tenisi ililetwa na mwalimu aliyepanga chumba cha karibu na geti. Kila Jumamosi alitoka amevaa kaptula nyeupe, mwanamume mzima na ndevu zake, na akina mama wakabana vicheko kwa ncha za vitenge. Alirudi na mipira iliyoota upara. Mipira tukawa nayo, raketi hatuna, basi kila mtoto akakimbilia jikoni kwao kutafuta mwiko. Blanketi juu ya kamba ya kuanikia nguo likawa wavu wetu. Ilikuwa likizo ya Juni, unaijua baridi ya Arusha ya wakati ule, Meru amejifunika ukungu hadi karibu na mchana, moshi wa mkaa umetanda uani, cherehani ya jirani inatatarika na mpira unagonga mbao, ko, ko, ko. Mikono ilikufa ganzi na hatukujali.

Mimi niliomba mwiko wa kiburu. Nilitarajia kofi, lakini bibi akanitazama, akaushusha, akanipa. Ndugu yangu, nilivimba kichwa. Nilitembea nao uani kama mkubwa wa nyumba. Tatizo ni kwamba kila nilipofaulu kuunyanyua, mpira ulikuwa umeshapita. Mpinzani wangu mkuu, binti wa jirani yule fundi cherehani, alikuwa na mkono mzito wa kweli. Akipiga, kuku wanatawanyika. Nilitaka kupiga kama yeye. Alinifunga kila siku, nami kila siku nikarudi na mwiko uleule.

Likizo ilipokaribia kwisha, mwalimu akatangaza kwamba Jumamosi atamchukua mtoto mmoja, atakayeshinda, akacheze kwenye uwanja halisi kwa raketi halisi yenye nyuzi. Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna ile. Niliuomba uwanja ule hata kanisani, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri.

Fainali ikawa mimi na binti wa fundi cherehani. Wapangaji wakatoa vigoda nje. Bibi alikaa mlangoni pa jikoni na ungo wa maharage, anachambua, macho chini, kana kwamba kelele zile hazimhusu. Seti ya kwanza nilichapwa vibaya. Tulipokuwa tunabadilishana upande, bibi akainuka, akaja mpaka katikati ya uwanja.

"Lete huo mwiko. Nina ndizi jikoni."

"Bibi jamani, subiri kidogo."

"Ndizi hazinisubiri mimi."

Akauchukua, akaniachia ule wa uji. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nililia waziwazi, na mwalimu akasema tuendelee.

Sasa ningempiga nani na kijiti kile? Niliacha kabisa kupiga. Niliuweka tu mahali mpira ulipokuja, ukarudi. Ukaja tena, nikaufuata mbio, ukarudi. Miguu ninayo, ndipo nikakumbuka, mimi niliyekuwa nikitumwa dukani na kurudi kabla chai haijachemka. Mwenzangu akaongeza nguvu, nami nikaendelea kurudisha. Akakasirika. Seti ya pili ikawa yangu, na katika ya tatu mpira wake wa mwisho ulipaa juu ya bati, ukaangukia nyumba ya pili, na ua mzima ukanibeba juujuu.

Nilikimbilia jikoni kumwambia bibi. Moto ulikuwa haujawashwa. Mkungu wa ndizi umeegemea ukuta, hakuna hata moja iliyomenywa, na mwiko mkubwa umesharudi kwenye msumari wake.

"Umeshinda?" akauliza, kama mtu aliyetoka safarini.

"Nimeshinda."

"Haya. Kaa tumenye ndizi."

Uwanjani nilicheza Jumamosi ile mpaka mwalimu akachoka yeye. Leo mwalimu alishahamishwa, bibi tulimzika, na ua wetu ni ghorofa la maduka ya simu. Naukumbuka ua, naikumbuka ile ko, ko, lakini zaidi namkumbuka bibi aliyekuwa ananitazama likizo nzima huku akijifanya anachambua maharage.

Pale dukani nilikuwa nimeshashika raketi nyepesi kabisa. Binti yangu kashika ile nyeusi, nzito. Nikanyoosha mkono nimpokonye, kisha nikamwomba kijana atupeleke nyuma ya duka penye ukuta. Mtoto akapiga. Kijana akaruka kando. Akapiga tena, na mkono niliouona haukuwa wangu hata kidogo. Ni mkono wa kutawanya kuku. Nikairudisha ile nyepesi mezani.

Jioni, nyumbani Engutoto, nilipika kiburu. Ndizi zilipoiva nikamwambia binti yangu ashushe mwiko mkubwa ukutani, aponde yeye. Nami nikakaa mlangoni na ungo wa maharage ya kesho, nikijifanya simtazami.