Mguu wa Klachi

Assumani wa Kizuka aliendesha malori ya mawese kwa miaka ishirini na sita, Rumonge hadi Bujumbura na kurudi. Watu wa kando ya barabara walimtambua kabla hawajamwona, kwani hakuna shoferi mwingine aliyebadilisha gia kwa ulaini ule. Kisha ugonjwa wa sukari ukamla mguu wa kushoto. Kidonda kilianzia kwenye kidole, kikapanda, na madaktari wakaukata chini ya goti.

Bintiye Shadia, fundi wa nguo Bujumbura, alikuja na habari aliyodhani ni njema. Bosi wake alikuwa anauza gari dogo la otomatiki.

"Baba, ile haina klachi. Mguu wa kuume peke yake unatosha."

"Gari inajiwekea gia yenyewe, mimi niko shoferi ya nini?" Assumani akajibu. "Nitakaa ndani kama dumu ya mawese. Achana nayo, mwanangu."

Mkewe Hadjara, aliyekuwa akichambua chikichi uani, alisema, "Baba Shadia, gari ni gari."

Assumani akachukua magongo yake, akaingia ndani. Shadia akarudi mjini, na gari likachukuliwa na mtu mwingine.

Miezi mitano baadaye, Ijumaa adhuhuri, Hadjara aliinuka kwenda kuchota maji, akaanguka. Assumani alipomfikia kwa magongo yake, mdomo wa mkewe ulikuwa umekwenda upande na maneno hayatoki. Wanaume walikuwa msikitini. Petroli ilikuwa imekosekana wiki nzima, kwa hiyo hata pikipiki hazikupita. Kwa jirani, mwalimu Dusabe, palikuwa na gari kuukuu la gia lenye mafuta kidogo. Mwenyewe alikuwa shuleni, na mkewe Chanceline hakujua kuendesha.

"Leta ufunguo," Assumani alimwambia. "Mimi nitaendesha, wewe utaingiza gia."

Wakamlaza Hadjara kwenye kiti cha nyuma. Assumani alishika usukani kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto akakandamiza klachi kwa gongo.

"Sasa vuta nyuma. Hiyo ndiyo ya pili."

Chanceline alivuta kwa mikono miwili. Wakaenda hivyo, gari likirukaruka.

"Mama Shadia, uko unanisikia?" Assumani aliuliza mara kwa mara bila kugeuka. Nyuma kulisikika pumzi tu.

Kwenye mwinuko gongo liliteleza. Gari likashtuka, likazimika. Akaliwasha, likazimika tena. Mara ya tatu betri haikuitika. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani waliweka vikapu chini, wakalisukuma hadi likawaka.

Walifika hospitalini wamechelewa sana. Hadjara alikufa kabla ya alasiri. Daktari alisema damu ilivuja kichwani, na kwamba pengine hata wangewahi isingesaidia. Neno hilo "pengine" Assumani alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Shadia alikuja kumzika mama yake. Hakumlaumu baba. Siku ya tatu, Assumani mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Uliniambia."

Shadia aliendelea kukunja vitenge vya marehemu. "Nilikuambia, Baba," akasema kwa sauti ndogo.

Mwaka uliofuata Shadia alimpatia baba yake gari jingine la otomatiki, na safari hii Assumani hakukataa. Samy, aliyewahi kuwa utingo wake na sasa ni shoferi mwenye lori lake, alimpeleka kwenye uwanja wa mchanga karibu na ziwa ili amwelekeze. Hapa mbele, hapa nyuma, huku mafuta, huku breki. Assumani alizunguka uwanja mara nne. Haikufika nusu saa.

"Mzee, umeshajua," Samy akasema. "Twende barabarani."

"Iko hivi tu?"

"Hivi tu."

Assumani akazima gari. Aliinamisha paji la uso juu ya usukani, mabega yakaanza kutikisika. Samy alishuka polepole, akasimama mbali kidogo, akingoja kuitwa.