Ukuta wa Babu

Juzi huko Ndandalo nilimkuta mke wa mdogo wangu akikandika nyumba kubwa ya babu, na harufu ya udongo mbichi ikanirudisha utotoni, enzi za Mjerumani. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe wa babu, bibi amefariki, na bila ng'ombe wa mahari babu hakuweza kuoa mwingine wa kukandika; kuta zilikuwa zikibomoka. Mama alizikandika babu akiwa hayupo. Alasiri moja tulisikia kikohozi chake njiani. Mama akanivuta hadi migombani, tukajificha.

Babu aliugusa ukuta uliolowa, akaipa migomba mgongo.

"Ndaga fijo, ukuta," alishukuru kwa sauti.

"Mama, babu ana wazimu?"

"Nyamaza, mwanangu."

Sikujua bado kwamba kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Mama alijipangusa machozi kwa mikono ileile ya kukandikia, akajipaka udongo usoni.