Nyayo za Bibi Mchangani

Kila ninaponyunyiza maji uwanjani ili nifagie, ile harufu ya vumbi bichi hunirudisha kwenye bustani ya Kijapani kando ya ziwa, siku niliyoitembelea na bibi. Mawe yake hayakumshangaza. Kwetu Ilemela tumezaliwa juu ya mawe. Kilichomsimamisha ni mchanga uliochorwa mistari kwa reki, hauna hata unyayo mmoja.

"Masikini, wenye uwanja huu hawatembelewi," alisema, akavua kandambili.

Mlinzi akaja mbio. "Shikamoo bibi! Hapo hapakanyagwi!"

"Marahaba, baba. Ndiyo maana tumekuja."

Akanishika mkono, tukauvuka mchanga taratibu hadi ng'ambo.

Nimemaliza kufagia. Mistari ya ufagio imenyooka mpaka getini, mitupu, haina hata unyayo mmoja.

Leo geti silifungi.