Nilivyowapa Watu Mnong'ono wa Mke Wangu

Kosa ni langu, na simsukumii mtu mwingine.

Mimi natengeneza sauti kwa kompyuta hapa Arua. Si muziki wa kucheza. Nachukua pumzi, kicheko, mnong'ono, navuta, nakata, narudisha nyuma, mpaka msikilizaji ahisi kuna mtu amemsogelea sikioni.

Mke wangu alipobeba mimba yetu ya kwanza, alizoea kuongea na tumbo asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Nikaomba nimrekodi. Akacheka.

"Rekodi, lakini hii iko yetu. Mtoto akikua atasikia."

Nikaahidi.

Mtoto hakuzaliwa hai. Tangu hapo mke wangu hakulitaja tena jina alilokuwa akimwitia.

Baadaye nikaalikwa kuonyesha kazi yangu kwenye ukumbi mmoja Onduparaka. Sikuwa na kitu kipya. Nikaifungua ile rekodi. Nikajidanganya kwamba nikiishusha sauti yake na kuyapasua maneno, hakuna atakayemtambua. Jina la mtoto nililifuta. Pumzi aliyokuwa akivuta kabla ya kulitaja niliiacha, kwa sababu ilikuwa nzuri mno.

Sikumwambia. Nilijua angekataa, ndiyo maana sikumwambia.

Siku yenyewe alikuja na dada yake, amevaa vizuri, anajivunia mumewe. Spika zilizunguka ukumbi. Watu wakafumba macho. Mama mmoja akafuta machozi, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Kisha nikamwona mke wangu ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Nje aliniuliza polepole, "Hii iko mimi?"

"Nimeibadilisha. Hakuna mtu anajua."

"Mimi najua. Ile ilikuwa ya mtoto. Wewe umepatia watu."

Akaenda kwa mama yake kijijini Abuku, kule Koboko. Nilipomfuata, mama mkwe alinipokea kwa heshima, akaniletea maji, kisha akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu. Hana hasira. Anaogopa kuongea mbele yako."

Mke wangu alipokubali kutoka, nilimwambia nitaifuta rekodi. Hapo ndipo alipolia.

"Ukifuta, ya mtoto itabaki nini?"

Nikamwachia rekodi, sikubaki na nakala. Kazi ile sijaicheza tena popote.

Sasa amerudi, tunaishi mtaa wa Oli, hapa hapa Arua. Anapika, ananisalimia, anauliza habari za kazi. Lakini ananiongelesha kwa sauti ya sokoni, hata tukiwa wawili tu chumbani. Mimi niliyejisifu kwamba najua kuleta sauti karibu na sikio, mke wangu haninong'onezi tena.

Wewe unayerekodi watu wako wa ndani, usijidanganye kama mimi. Mashine inaweza kuficha sauti wageni wasiitambue. Mwenyewe ataitambua. Muulize kabla, na akikataa, acha.

Juzi nilimwomba mke wangu aniongeleshe taratibu kama zamani. Akanitazama, akauliza, "Nani mwingine anasikia?"