Mukutano wa kolera saa ya robine: namna wanafunzi walianza kuja

Wajukuu wangu munaosoma humu, na ninyi wakuu munaowalea, jambo kwenu.

Hii niliiona kwa macho yangu hapa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Siongezi chumvi. Na pale nilipokosa mimi, nitasema.

Ninauza chai na mandazi mbele ya mulango wa chuo, miaka mingi sasa. Mujukuu wangu Neema anasoma mule. Mama yake, mutoto wangu wa kwanza, kolera, yaani kipindupindu, ilimubeba. Asubuhi alikaanga samaki, kesho yake jioni tulikuwa tunamuzika. Ndiyo maana Neema aliingia komite ya wanafunzi ya sensibilisation, ya kuamusha watu juu ya magonjwa, akaomba afundishe juu ya maji.

Mukutano wa kwanza walikuja watu tisa.

Wa pili, sita. Na wawili walikuwa wanangoja tu mvua ikatike.

Biro ya chuo, wakubwa wa ofisi, ikamuita. Ikamwambia wa tatu ukiwa vile, basi, sensibilisation inafungwa na sale ya mikutano inapewa waimbaji wa korali. Na majira ya mvua ndiyo yalikuwa yanaanza. Sisi wa huku tunajua mvua inakuja na nini.

Prezida wa komite ni kijana wa kravati shingoni, Dieudonné. Yeye akaona dawa ni sucré: tugawe vinywaji, watakuja. Neema akauliza nani atavinunua. Wakaishia kubandika afishi kubwa zaidi za matangazo.

Mimi nilikuwa nakaanga tu. Lakini muuza mandazi anajua miguu ya watu. Kila saa tisa wanafunzi wanatoka mbiobio, hakuna anayenunua, kila mumoja na bidon yake ya njano ya kuchotea maji. Wamepanga vyumba huko mitaani, na robine ya pale kona, bomba la mutaa wote, inatoa maji saa tisa, saa kumi na moja imekauka. Ukiikosa, unakunywa ziwa.

Na mukutano wa kolera? Saa tisa kamili.

Yaani muntu akienda kusikiliza asinywe maji ya ziwa, anarudi nyumbani kunywa maji ya ziwa.

Nikamwambia Neema: peleka maneno yako ku robine. Dieudonné akaja mwenyewe kwenye meza yangu na wenzake wa komite, akachukua mandazi mawili, akacheka, akaniita Kambo, yaani bibi, vile wanafunzi wote wananiita.

"Kambo, conférence haifanywi katikati ya bidon."

"Sawa, Papa Prezida. Endelea kuhubiria viti."

Wenzake walicheka kuliko yeye. Akakubali mara moja tu, tujaribu.

Siku ile mustari ulikuwa murefu, ukakunja kona. Neema akapanda juu ya jiwe, bila mikro ya kupaza sauti. Mwanzoni walisikiliza vizuri, maana mwenye bidon kwenye mustari hana pa kwenda.

Sasa wakuu, hapa njo pale nilipokosa.

Ku robine yetu bidon njo muntu. Ukiiweka asubuhi, inakushikia nafasi. Lakini nafasi za mbele mimi sikuziweka asubuhi. Nilifika saa tisa kasoro, nikasukuma bidon nne za nyumba yangu mbele ya zote. Nilijiambia, sisi njo tunafundisha, nani atasema kitu?

Musichana mumoja akasema, bila hata kupaza sauti:

"Kumbe kolera ni njia ya kupita mbele."

Mustari mzima ukacheka. Kisha wakampa Neema mugongo. Akaendelea kusema na migongo mpaka akamaliza, sijui moyo ule aliutoa wapi. Tulirudi na bidon zimejaa, na yeye akatangulia mbele peke yake.

Jioni niliwakusanya wa nyumba yangu wote, nikasema neno langu.

Wiki iliyofuata tulirudi pale pale, safari hii tukiwa mwisho kabisa. Yule musichana alitazama bidon zetu, akatazama Neema, akawaambia wenzake wanyamaze. Wakauliza maswali mpaka maji yakakatika. Kutoka hapo wanakuja hata wenye maji kwao. Biro haikuitaja tena korali, na Dieudonné siku hizi anakuja bila kravati, anabeba jiwe la Neema.

Nilichojifunza: usimulaumu muntu kwamba haji kwako kama hujaona yeye anaenda wapi saa ile. Na ukimufuata, usimupite mbele.

Ninyi wa vyuo vingine, kwenu wanafunzi wanakimbilia wapi saa ya mikutano? Semeni hapa chini, hata mwenye kunipinga.

Neno la jioni ile kwa wa nyumba yangu halijabadilika mpaka leo: "Siku Neema anasema ku robine, bidon zenu zinakaa nyuma ya zote, na yangu nyuma ya zenu. Maji yakikatika kabla hatujafika, tunachota ya ziwa na tunayachemsha kama tunavyofundisha wengine. Na sitaki kusikia muntu ananung'unika."