Kikohozi cha Mwadhini wa Mlola

Mzee Twaha, mwadhini wa msikiti mmoja wa Mlola, alianza kukohoa msimu wa kupanda maharage. Sasa maharage yalikuwa yameshavunwa, yameuzwa sokoni Soni, na yaliyobaki yameshaliwa, naye bado anakohoa. Alikunywa tangawizi. Alikunywa maji ya majani machungu. Alimaliza chupa za dawa za dukani, kila moja tamu kuliko iliyotangulia, akalaumu ukungu, akalaumu mbolea za siku hizi.

"Baba Hawa, nenda zahanati," mkewe Sharifa alimsihi.

"Niende wanilaze, Jafari aweke simu yake?"

Hapo ndipo palipouma. Jafari, katibu wa msikiti, alikuwa na adhana ndani ya simu, anangoja nafasi tu. Enzi za baba yake Twaha, mwadhini alipanda jiwe, akajaza kifua, na ng'ambo ya korongo wakasikia. Akitaka kukohoa, aligeuka akakohoa, ikabaki siri yake. Siku hizi za vipaza sauti, hata kikohozi cha mtu hakina stara.

Alfajiri moja, katikati ya adhana, Twaha aligeuza uso kwa adabu, akakohoa. Spika zikakidaka kikohozi, zikakisambaza juu ya mashamba yote ya kabichi. Mbwa wakabweka. Kutoka ng'ambo mtu akapiga kelele, "Pole, mzee!"

"Nimeshapoa!" akajibu Twaha, kipaza sauti kingali mdomoni. Kijiji kizima kikajua kwamba hajapoa.

Jua halijachomoza vizuri, muuguzi Jenipher alikuwa mlangoni na kikopo.

"Shikamoo, babu. Nimekusikia nikiwa kitandani."

"Marahaba. Umeisikia adhana?"

"Nimekisikia kifua. Nipe makohozi."

Ndani, Sharifa aliangua kicheko.

Majibu yalipotoka yalikuwa kifua kikuu: dawa kila siku kwa miezi sita, na wiki za mwanzo asikaribie mkusanyiko.

"Ukizimeza bila kuruka, babu, utarudi kazini," alisema Jenipher. "Ukiendelea na tangawizi, simu itakurithi."

Kesho yake adhana ya simu ikapaa. Twaha aliketi kitandani akiisubiri ikosee. Haikukosea. Haikuchoka wala kupaliwa.

"Ina sauti nzuri," alisema Sharifa, kwa uchokozi.

"Haijui hata jina la kijiji hiki." Akanyoosha mkono. "Lete hizo dawa. Zote."

"Za leo tu, mume wangu."

"Basi lete za leo, upesi, kabla haijamaliza."