Kiondo cha Kwenda Msituni

Hema nililinunua mjini, kwenye duka dogo la ghorofani. Muuzaji alinishauri nibebe vya lazima tu: hema, blanketi, tochi, maji, dawa. Starehe niziache nyumbani. Nilimkubalia kwa kichwa, kisha nikanunua pia viti viwili vya kukunja, spika na godoro la kujaza upepo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Safari ilikuwa ya usiku mmoja, kwenye msitu ulio mbele kidogo ya mtaa wa Karen. Umbali haukunisumbua. Aliyenisumbua ni mama. Tangu tumzike baba mwaka jana, hakuwa amelala nje ya nyumba yake pale mtaa wa Jamhuri hata mara moja. Kwa jamaa hakutaka kwenda, maana kila mlango ulimpokea kwa pole, na pole zilikuwa zimemchosha. Alienda kanisani, akarudi, akajifungia kabla jua halijazama. Nilimwona akipungua wiki baada ya wiki, nikaogopa. Kwa hivyo nilipomwalika twende wote, naye akasema, "Haya, tutaenda," sikumuuliza mara ya pili.

Jumamosi asubuhi nilimkuta sebuleni na sweta yake nzuri, kiondo kimejaa miguuni pake. Sukari, majani chai, mkate, mafuta ya kupikia, unga.

"Mum, hii yote ni ya nini?"

"Ni ya watu wa huko."

"Huko hakuna watu. Tunaenda kulala msitu."

"Kwani msitu haina mwenyewe?"

Hasira zangu hazikai mbali. Buti ya gari langu dogo ilikuwa imeshajaa, na foleni ya Ngong Road haingoji mtu. Nikaanza kutoa vitu kiondoni kimoja kimoja, huku nikimhubiria habari ya vya lazima.  Mama alianza kufungua vifungo vya sweta.

"Enda tu, utanipata hapa," alisema taratibu. "Mimi siwezi kulala kwa wenyewe na nimeenda mikono mitupu. Sijawahi."

Hapo nikaacha kutoa vitu. Mama alikuwa amekubali kutoka kwa njia pekee aliyoijua ya kutoka: mgeni anayekwenda kwa wenyeji. Bila kiondo, angekuwa mjane tu aliyetolewa nyumbani kuhurumiwa. Nilirudisha sukari, nikarudisha unga, kisha nikatoka nje nikashusha viti, spika na godoro langu la upepo. Kuliacha godoro kuliniuma. Mama alitazama kutoka mlangoni, akafunga vifungo vyake.

Langoni mwa msitu tulipokewa na mama mmoja aliyekaa kwenye kibanda cha mbao. Mama yangu akamkabidhi kiondo kwa mikono miwili.

"Tumekuja kuwatembelea," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mama hakushangaa hata kidogo. "Karibuni, karibuni sana," akasema, akaingia kibandani, akarudi na kiondo kikiwa na mkungu mdogo wa ndizi, maana chombo cha mgeni hakirudishwi kitupu. Wakasimama pale wakiulizana habari za mvua, na hakuna aliyemwambia mama pole. Alipita lango akitembea mbele yangu.

Ardhi ilikuwa ngumu na sikupata usingizi. Mama alikoroma. Kwa miezi mingi alikuwa akiniambia kwamba analala macho wazi, na sasa alikuwa akikoroma kama fundi mbao kazini. Nililia kwa furaha, nikiuma blanketi asinisikie.

Asubuhi nilimkuta nje ya hema, ameshika kikombe cha chai, anaangalia vilima vya Ngong ukungu ukiondoka.

"Kule juu," akauliza, "watu hupanda?"

"Wanapanda, Mum. Kila wikendi."

Akainamisha kichwa, akavitazama viatu vyake vya kanisani, akageuza mguu huku na huku.

"Hizi zitateleza," akasema. "Ukienda mjini, nitafutie zingine."